Károly Takács, Mlenga Shabaha wa Mkono wa Kushoto



Ukurasa huu umezoea kusimulia maisha ya watu wa Kanisa: maaskofu, wamisionari, waalimu wa dini waliotembea kwa miguu toka kijiji hata kijiji wakibeba Biblia na sufuria. Mwezi huu mtaona ajabu kidogo, maana mtu ninayetaka kumsimulia alikuwa askari, tena askari ambaye sifa yake yote ilitokana na bastola. Nawaomba msigeuze ukurasa upesi. Bastola aliyoshindia ilikuwa ya mchezo wa kulenga shabaha, wala si bastola iliyonifanya nichukue kalamu. Ni mkono ulioishika.

Jina lake Károly Takács. Alizaliwa Budapest, mji mkuu wa Hungaria, tarehe 21 Januari 1910. Huko kwao jina la ukoo hutangulia, kwa hiyo watu wake humwita Takács Károly. Károly ndilo lile jina sisi tunaloliita Karoli, kama yule Karoli Lwanga wa Uganda anayekumbukwa pamoja na wafia dini wenzake kila tarehe 3 Juni. Takács, ambalo masikioni mwetu lasikika kama Takaachi, maana yake ni mfumaji wa nguo. Najua jina la ukoo halitabiri kazi ya mtu. Lakini mfumaji ni mtu wa mikono miwili, na huyu alikuja kubaki na mmoja tu wa kufanyia kazi yake.

Alipokuwa kijana aliingia jeshini, akapanda cheo hata kuwa sajini. Ilipofika mwaka 1936 alikuwa amekwisha kuwa mmoja wa walenga shabaha hodari wa bastola ulimwenguni.

Nieleze kwanza mchezo wenyewe, kwa kuwa kwetu haufahamiki sana. Ni mchezo wa bastola ya kufyatua haraka. Mlengaji husimama mita 25 mbali na shabaha tano zilizopangwa kwa safu. Bastola hushikwa kwa mkono mmoja tu. Mkono wa pili hauruhusiwi kusaidia kwa lo lote, na wengi huutia mfukoni usije ukawasumbua. Mwanzoni mkono wenye bastola huinamishwa chini. Shabaha nazo siku zile ziligeuzwa ubavu, hazikuonekana ila kama ukingo wa ubao. Kisha ghafula zote ziligeuka na kumtazama mlengaji, naye aliinua mkono na kufyatua risasi tano, moja kwa kila shabaha, kabla hazijageuka tena. Kwanza hupewa sekunde 8, halafu 6, halafu 4. Sekunde 4 ni muda wa kasisi kutoa salamu ya ibada na watu kumwitikia, basi. Kwa jumla hupigwa risasi 60, na kila risasi yaweza kuleta pointi 10, hivi kwamba mtu asiyekosea kabisa angepata 600.

Jambo moja lisifichwe. Shabaha za siku zile zilikuwa na umbo la mtu, kichwa na mabega. Zilitumika hivyo miaka mingi, na mwishoni mwa miaka ya 1980 zikaondolewa, zikawekwa za duara. Nilipofahamu kwamba zimeondolewa nilifurahi, na sidhani kwamba ni mimi peke yangu. Lakini watu waliozilenga wakati ule hawakuwa wauaji kwa sababu hiyo. Wengi wao walikuwa watu watulivu kupita kiasi, maana mchezo huu haumpendi mtu wa hasira. Moyo ukienda mbio mkono hutetemeka, na mkono ukitetemeka risasi hupotea.

Turudi mwaka 1936. Michezo ya Olimpiki ilifanyika Berlin, Ujerumani, na Takács alistahili kwenda. Hakwenda. Jeshi la Hungaria wakati ule liliruhusu maafisa wenye kamisheni tu washindane katika Olimpiki, naye alikuwa sajini. Shabaha haisomi tepe za mtu. Waliozisoma ni wakubwa wake. Kwa hiyo alibaki nyumbani, na medali ya dhahabu ya mchezo wake ilichukuliwa na Mjerumani, Cornelius van Oyen.

Sisi tuliokaa katika ofisi na katika mabaraza, na hata katika vikao vya parokia, tunalijua jambo hili. Mtu anaweza kazi, lakini nafasi hapewi kwa sababu ya kiti alichokalia. Baada ya michezo ya Berlin sharti lile liliondolewa. Takács alikuwa na miaka 26, na michezo iliyofuata ilipangwa kuwa mwaka 1940. Sajini sasa alikuwa na njia wazi mbele yake, akaendelea kufanya mazoezi kwa mkono wake wa kulia.

Mwaka 1938, katika mafunzo ya jeshi, bomu la mkono lenye hitilafu lililipuka akiwa amelishika. Alilishika kwa mkono ule ule wa kulia. Mkono ulisagika vibaya. Akalazwa hospitali mwezi mzima. Alikuwa na miaka 28.

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, maana wanaosimulia habari zake hupita upesi sana, kana kwamba mtu alitoka hospitali akaichukua bastola kwa mkono wa pili na mambo yakaisha. Haiwi hivyo. Yeyote kati yetu aliyewahi kuvunjika mkono wa kulia anajua. Jaribu kupiga pasi, kushona kifungo, kukuna nazi, au kuandika jina lako tu kwa mkono wa kushoto, uone jinsi mtu mzima anavyogeuka mtoto mchanga. Wako ndugu zetu waliopoteza vidole katika mashine za mkonge, na wengine katika misumeno ya mbao, ambao waweza kuuliza. Watakuambia kwamba kidonda kilipona upesi kuliko fahari. Kilichowauma baadaye ni kumwomba mtoto awafungie kamba za viatu.

Sasa fikirini mtu ambaye kazi yake si kufunga kamba za viatu bali ni kupiga shabaha tano kwa sekunde 4. Katika ulengaji, kiwiko, kifundo na kidole vyote vimefundishwa kwa miaka. Kidole cha kufyatulia hutakiwa kukivuta kile kifyatulio taratibu bila kuutikisa mkono hata chembe, na jambo hilo mkono haulifahamu mpaka umelirudia maelfu ya mara. Mpini wa bastola ya mashindano huchongwa ufuate kiganja cha mwenyewe. Uliochongwa kwa kiganja cha kulia haukai katika cha kushoto. Tena kuna jicho. Watu wengi wanalo jicho moja lenye nguvu kuliko jingine, na aliyezoea kulenga kwa mkono wa kulia mara nyingi hutegemea jicho la kulia. Akihamisha bastola, macho na mkono huanza kugombana, na kichwa chote hubidi kijifunze kukaa upya juu ya shingo.

Alipotoka hospitali Takács alianza kufanya hayo yote, na alifanya kwa siri. Hakuwaambia wenzake.

Nimejiuliza sana juu ya siri hiyo. Mtu angeweza kusema ni kiburi, kwamba hakutaka kuonwa akikosa. Kwa upande wangu naona ni busara. Mtu anayeanza upya hukosa mara nyingi, na watu wanaompenda wakimwona anakosa humwonea huruma, na kwa huruma yao humshauri apumzike. Ni wangapi wamepumzishwa hivyo na jamaa zao wema hata wakafa wakiwa wamepumzika? Labda Takács aliwajua rafiki zake kwamba ni watu wema.

Na kwetu sisi kuna jambo la zaidi kuhusu mkono huo aliouendea. Katika lugha yetu mkono mmoja unaitwa wa kulia, yaani mkono wa kulia chakula, na ule mwingine hauna heshima hiyo. Mtoto akipokea kitu kwa mkono wa kushoto hukemewa. Kumpa mkubwa kitu kwa mkono wa kushoto ni tusi. Mimi nami nilizaliwa mwenye shoto. Bibi yangu alinipiga kofi jepesi kila niliponyosha mkono ule kwenye sinia, na mwalimu mmoja wa darasa la kwanza alinifunga vidole kwa kitambaa ili nishike chaki kwa mkono uliokubalika. Naandika kwa mkono wa kulia mpaka leo, na mhariri wa gazeti hili ni shahidi kwamba mwandiko wangu ni kama mahali alipopekua kuku. Simlaumu bibi, alinifundisha adabu aliyoifahamu. Lakini niliposoma juu ya Takács nilikumbuka kile kitambaa.

Basi nikafungua Kitabu cha Waamuzi. Katika sura ya 20 kabila la Benyamini linajiandaa kwa vita, vita vya aibu ambavyo singependa kuvisifu, na mwandishi anahesabu askari wao. Kati yao wapo watu mia saba wateule, wote watu wa mkono wa kushoto, ambao kila mmoja aliweza kutupa jiwe kwa teo akaulenga unywele asiukose. Ndio walenga shabaha wa kwanza kutajwa kwa sifa kama hiyo katika Biblia, nao ni wenye shoto. Na hapo pana mzaha mdogo, kwa kuwa jina Benyamini, alilopewa yule mtoto na baba yake Yakobo, maana yake ni mwana wa mkono wa kuume. Katika sura ya 3 ya kitabu hicho hicho yupo Ehudi, naye Mbenyamini, mtu wa shoto. Kwa Kiebrania husemwa juu yake kwamba mkono wake wa kuume ulikuwa umefungwa, maneno ambayo wengine huyaelewa kuwa ulikuwa na kilema. Wataalamu wa maandiko wana maelezo yao. Mimi natosheka kuona kwamba mwandishi mtakatifu hakuona haya kuutaja mkono huo.

Turudi Hungaria. Majira ya kuchipua ya mwaka 1939 yalifanyika mashindano ya taifa ya bastola. Takács akatokea uwanjani. Wenzake walipomwona wakamkaribia kwa upole, kama watu wamwendeavyo mfiwa, wakampa pole kwa mkono wake na kumshukuru kwa kuja kuwatazama. Yeye akawaambia ya kuwa hakuja kutazama, amekuja kushindana nao. Akasimama mahali pake, akainua mkono wa kushoto, na akawashinda. Bingwa wa taifa wa mwaka 1939 alikuwa ni mtu ambaye mwaka uliotangulia alikuwa kitandani.

Mwaka huo huo alikwenda Lucerne, Uswisi, akiwa mmoja wa timu ya Hungaria iliyoshinda ubingwa wa dunia katika mchezo huo wa bastola ya kufyatua haraka. Ilikuwa imebaki Olimpiki ya mwaka 1940. Michezo hiyo ilikuwa imepewa Tokyo, kisha ikahamishiwa Helsinki, halafu vita vikaingia na haikufanyika popote. Ile ya mwaka 1944 ilipewa London, nayo haikufanyika. Hungaria yenyewe iliingia vitani mwaka 1941, na ilipofika majira ya baridi ya 1944 na 1945 mji wa Budapest ulizingirwa na kupigwa mizinga wiki nyingi hata madaraja yake yote juu ya mto Danube yakaanguka. Tukihesabu medali za mtu mmoja ni vizuri kukumbuka kwamba katika miaka ile wapo wengi waliopoteza zaidi ya michezo.

Kwa hiyo Takács alingoja. Alikataliwa akiwa na miaka 26 kwa ajili ya cheo. Akiwa na miaka 30 na miaka 34 hapakuwa na mahali pa kwenda. Alipofika London mwaka 1948 alikuwa na miaka 38.

Olimpiki ya London ilikuwa ya watu maskini. Vita vilikuwa vimekwisha miaka mitatu tu, na Waingereza walikuwa bado wanapata chakula kwa kadi za mgao. Hapakujengwa kijiji cha wanamichezo. Walilazwa katika kambi za jeshi na katika vyuo. Mfalme George wa Sita alifungua michezo tarehe 29 Julai katika uwanja wa Wembley. Siku ile ile, si mbali sana na London, katika hospitali ya Stoke Mandeville, daktari mmoja Myahudi aliyekimbia kutoka Ujerumani, Ludwig Guttmann, aliwapanga wagonjwa wake 16 waliopooza, wanaume 14 na wanawake 2, wakashindana kupiga mishale wakiwa katika viti vya magurudumu. Kutokana na mashindano yale madogo kwenye majani ya hospitali ndipo ilipokuja kuota michezo ya walemavu ambayo leo hufuata Olimpiki. Wakati huo hakuna aliyewaza mambo hayo makubwa. Takács naye hakupewa mashindano ya peke yake. Alisimama katika mstari mmoja na wenye mikono yote miwili, kama walivyofanya wachache sana kabla yake: George Eyser, Mmarekani wa mguu wa mti aliyepata medali sita za mazoezi ya viungo mwaka 1904, na Olivér Halassy, Mhungaria mwenziwe, aliyekatwa mguu mmoja chini ya goti na hata hivyo akacheza polo ya majini katika Olimpiki tatu.

Mashindano ya kulenga shabaha yalifanyika Bisley, nje ya London, mwanzoni mwa Agosti. Mtu aliyetazamiwa kushinda alikuwa Carlos Enrique Díaz Sáenz Valiente wa Argentina, bingwa wa dunia wa mwaka 1947. Inasimuliwa kwamba alipomwona Takács, akijua habari za mkono wake, alishangaa akamwuliza amekuja kufanya nini London. Takács akajibu kwa kifupi ya kwamba amekuja kujifunza.

Kisha wakaanza kupiga. Takács alipata pointi 580, na hiyo ikawa rekodi mpya ya dunia. Valiente alipata 571 akawa wa pili, na Sven Lundquist wa Uswidi akawa wa tatu kwa 569. Pointi 9 katika mchezo huu ni umbali mkubwa, kwani mara nyingi watu hupishana kwa moja au mbili. Walipokuwa wanapewa medali yule Muargentina alimwambia mwenzake kwamba sasa amejifunza vya kutosha.

Wengi wanalipenda jibu la Takács kwa sababu wanaona ndani yake ujanja, kama la yule mtu ajifanyaye hajui bao halafu anakula kete zako zote. Mimi siliamini hivyo. Nadhani alijibu kweli tupu. Tangu mwaka 1938 hakuwa amefanya jambo jingine ila kujifunza. Mtu aliyejifunza kazi yake mara moja akiwa kijana huisahau hali ya kutokujua. Aliyelazimika kujifunza mara mbili haisahau tena. Na ushahidi wangu ni yale yaliyofuata, maana baada ya London aliwafundisha wengine.

Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwako kijana jina lake Szilárd Kun. Mwaka 1952, michezo ilipofanyika Helsinki, Ufini, Kun alikuwa na miaka 17, na mwalimu wake miaka 42. Wote wawili waliingia mchezo ule ule. Fikirini hali hiyo. Ukimfundisha mtoto wa mwenzio kila unachokijua, wala usimfiche kitu, halafu ukasimama naye mstari mmoja na medali ni moja, moyo wako utakuwaje? Tunawajua mafundi wanaomficha mwanafunzi wao kipimo cha mwisho ili asije akafungua duka ng'ambo ya barabara.

Matokeo yalikuwa haya. Takács 579. Kun 578. Gheorghe Lichiardopol wa Romania naye 578. Valiente 577. Watu wanne ndani ya pointi 2. Kijana alipewa medali ya fedha na mzee ile ya dhahabu, na tofauti yao ilikuwa pointi moja kati ya mia sita. Kama Takács alificha cho chote basi alificha kidogo sana. Takács akawa mtu wa kwanza kuushinda mchezo huo katika Olimpiki mbili mfululizo. Husimuliwa kwamba Valiente, ambaye safari hii hakupata medali, alimwendea tena akampongeza, akamwambia kwamba sasa amejifunza kupita kiasi, na imempasa astaafu ili apate nafasi ya kumfundisha yeye. Ni vizuri kushindwa na mtu mara mbili na bado kutaniana naye.

Hakustaafu bado. Mwaka 1956 alikwenda Melbourne, Australia. Safari ile ilikuwa nzito kwa Wahungaria wote. Mwezi Oktoba watu wa Budapest walikuwa wameinuka dhidi ya serikali yao, na tarehe 4 Novemba vifaru vya Urusi viliingia mjini vikauzima mwinuko ule kwa damu. Siku 18 baadaye michezo ilifunguliwa upande wa pili wa dunia, na Wahungaria wakasimama uwanjani wakiwa na habari za nyumbani mioyoni mwao. Michezo ilipokwisha wengi wao hawakurudi kwao. Takács alikuwa na miaka 46. Alimaliza wa nane. Dhahabu ilikwenda kwa Ștefan Petrescu wa Romania aliyepata pointi 587.

Michezo hiyo hiyo, iliyokuwa ya mwisho kwa Takács, ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwa Kenya na Uganda. Nyandika Maiyoro wa Kenya alikimbia mita 5000 akawa wa saba, na wazee wetu waliozifuata habari hizo kwa redio walizitaja miaka mingi. Hakuna aliyewasimulia juu ya afisa wa Hungaria aliyekuwa wa nane katika bastola, wala sioni ajabu. Ushindi una redio zake.

Yeye alirudi nyumbani, akaendelea kulenga na kufundisha. Kwa jumla alipata ubingwa wa taifa lake mara 35, idadi ambayo nikiiandika napata taabu kuiamini. Jeshini alimaliza akiwa luteni kanali, yeye aliyezuiwa Berlin kwa sababu alikuwa sajini. Alifariki Budapest tarehe 5 Januari 1976, zikiwa zimebaki siku 16 atimize miaka 66.